Kutoka Taahira hadi Utengamao: Majina ya Watoto na ya Viongozi wa Huduma Zao katika Nyanda za Juu Kusini

Istilahi nyingi zinazohitaji kusanifiwa hutoka viwandani, mahakamani, katika mabenki na katika maabara. Huko, neno likikosewa, hasara yake aghalabu ni kazi kuchelewa au mabishano kuzuka. Lakini yapo maneno ambayo yakikosewa, anayepata hasara ni mtoto asiyeweza kujitetea. Makala haya yanahusu maneno ya namna hiyo: majina wanayopewa watoto wenye ulemavu wa makuzi, yaani ulemavu unaoanza utotoni na kugusa akili, mawasiliano au mwendo wa viungo wakati ubongo ungali unakua, pamoja na majina ya watu wanaoongoza huduma za watoto hao, hususan katika Mbeya na Iringa. Tutajaribu kuonyesha kwamba historia ya maneno hayo haitengani na historia ya huduma zenyewe, na kwamba neno zuri lisilokuwa na huduma nyuma yake halikawii kuharibika.

Majina ya zamani

Kwa ulemavu unaoonekana kwa macho, Kiswahili kilikuwa na majina yake tangu zamani: kipofu, kiziwi, bubu, kiwete, kilema. Majina hayo yaliweza kutumiwa kwa kejeli, lakini yalieleza jambo. Aliyesikia neno kipofu alijua ni kitu gani ambacho mtu huyo hawezi kukifanya, na kwa hiyo alijua pia asaidiwe vipi. Aidha, jamii ilijiwekea methali ya kuwazuia wenye dharau: hujafa hujaumbika.

Kwa mtoto ambaye akili yake ilikua polepole, au aliyechelewa kusema, mambo yalikuwa tofauti. Maneno yaliyokuwapo yalikuwa punguani, zezeta na taahira. Haya hayakueleza jambo, yalitoa hukumu. Punguani ni aliyepungua, wala haisemwi amepungukiwa na nini wala kwa kiasi gani. Taahira lina historia ya kusikitisha zaidi. Neno hili lina undugu na kitenzi taahari, chenye asili ya Kiarabu, ambacho maana yake ni kukawia au kuchelewa. Kwa maana ya asili yake, basi, lilikuwa karibu sana na lile ambalo madaktari wa siku hizi husema juu ya mtoto wa namna hii: kwamba amechelewa katika hatua za kukua. Lilikuwa neno safi. Lakini kwa kuwa nyuma yake hapakuwa na shule, wala mwalimu, wala mazoezi, lilibaki likitembea mitaani peke yake, na mitaani likageuka tusi. Mtafsiri anayedhani kwamba kazi yake imekwisha pindi apatapo neno la heshima na alikumbuke neno taahira.

Wapo waliosema kwamba kosa la maneno kama kilema na kiwete limo katika ngeli yake, kwa kuwa ngeli ya KI-VI ni ya vitu. Hoja hii yafaa ipimwe. Kwanza, sarufi yenyewe huyapa maneno hayo upatanisho wa viumbe hai: husemwa kipofu amefika, wala haisemwi kipofu kimefika. Pili, katika ngeli hiyohiyo tunao kijana, kinyozi, na juu ya wote kiongozi. Hatujapata kumsikia kiongozi akilalamika kwamba kiambishi cha jina lake kinamshusha hadhi. Lililomshusha kilema ni matumizi ya watu, na matumizi hayo yalitokana na hali aliyoachwa nayo. Hata hivyo mabadiliko kutoka kilema hadi mlemavu, na kutoka mlemavu hadi mtu mwenye ulemavu, yana faida yake. Hili la mwisho humtaja mtu kwanza, kisha hutaja alicho nacho. Ndilo lililochukuliwa katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuridhia, mwaka 2009, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu hao.

Huduma zilivyofuatana

Tukitazama shule za kwanza za elimu maalumu katika Tanzania, tunaona mfuatano wenye mafundisho. Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Kanisa Katoliki lilifungua shule ya viziwi mjini Tabora. Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu lilianzisha mjini Dar es Salaam shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Watoto wenye ulemavu wa akili walingoja hadi mwaka 1982, serikali ilipowafungulia kitengo cha kwanza mjini Dar es Salaam. Huo ulikuwa mwaka mmoja tu baada ya Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa 1981.

Macho, masikio, viungo, na mwisho akili: mfuatano huu unalingana na ule wa majina. Ulemavu uliokuwa na jina la kueleza ulipata shule mapema. Ulemavu uliokuwa na majina ya kutukana ulisubiri miaka 32 baada ya Buigiri. Hatusemi kwamba majina ndiyo yaliyojenga shule. Ukosefu wa walimu wenye ujuzi na wa fedha ulikuwa na sehemu kubwa. Lakini askofu au afisa elimu aliyetaka kuombea fedha shule ya wasioona alikuwa na neno la kuandika katika barua yake. Aliyetaka kuwaombea watoto wale wengine angeandika nini? Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliagiza kila mtoto aliyetimiza umri wa miaka 7 aandikishwe shuleni. Katika vijiji vingi mtoto aliyeitwa zezeta hakupelekwa kuandikwa, wala jirani hakuona kwamba sheria imevunjwa, kwa sababu jina lenyewe lilikwisha kumtoa katika hesabu ya wanafunzi.

Mbeya na Iringa

Nyanda za Juu Kusini ziko mbali na mahali huduma hizo zilipoanzia. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 800 kwa barabara. Tena nchi yenyewe ni ya milima na mabonde. Katika miteremko ya Rungwe, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, mtoto wa miaka 2 asiyeweza kutembea hubebwa mgongoni na mama yake mpaka zahanati. Mtoto huyohuyo akifika miaka 9 habebeki tena, na kiti cha magurudumu hakipiti katika njia ya utelezi. Basi hubaki nyumbani. Watu wengi husema kwamba mtoto kama huyu amefichwa kwa aibu, na kweli wapo wanaofichwa. Lakini mara nyingi mama hakumficha, bali nguvu zimemwishia.

Kwa sababu hiyo huduma iliyofaa mikoa hii ilipaswa kuwa karibu na watu, na walioiongoza walikuwa watu wa makanisa na wa mashirika ya hiari, wakishirikiana na hospitali, maafisa ustawi wa jamii na walimu wa vitengo vya elimu maalumu. Tutaje mifano mitatu, maana majina yake yana jambo la kutufundisha.

Mjini Iringa, mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa la Anglikana ilianzisha karakana ya Neema Crafts, chini ya uongozi wa Susie Hart kutoka Uingereza. Ilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye karakana iliongezeka ikawa na kazi nyingi za mikono, na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, hata mgeni asiyejua lugha ya alama hulazimika kujifunza ishara mbili tatu ili apate chai. Juu ya hayo iliongezwa huduma ya mazoezi ya viungo kwa watoto wenye ulemavu. Huko Wanging'ombe, katika eneo lililokuwa sehemu ya mkoa wa Iringa mpaka mkoa wa Njombe ulipoundwa mwaka 2012, kipo kituo cha Inuka, ambacho kazi yake ni utengamao wa watoto na watu wazima wenye ulemavu. Na mjini Mbeya lipo shirika la Child Support Tanzania, ambalo Noelah Msuya ameliongoza, na ambalo limeelekeza nguvu zake katika elimu ya pamoja ya watoto wenye ulemavu na wasio na ulemavu, tangu umri mdogo.

Msomaji atazame majina hayo. Neema ni baraka. Inuka ni kitenzi cha kuamuru, na anayeamrishwa ni mtoto mwenyewe, ambaye kwa kuamrishwa amechukuliwa kuwa anaweza. Hakuna hata mmoja wa viongozi hao aliyebandika jina la ulemavu katika kibao cha mlangoni. Pengine walijua kwa uzoefu kwamba mzazi hapiti kwenye mlango unaomtukana mtoto wake. Jina la tatu, lile la Mbeya, ni la Kiingereza, na hilo nalo lina funzo lake, ambalo tutalirudia hapa chini.

Neno moja, hali mbili

Neno linaloleta matatizo makubwa zaidi katika huduma hizi ni mtindio wa ubongo. Mtindio ni hali ya kutokomaa au kupungukiwa. Kwa muda mrefu, katika magazeti na hata katika kamusi, mtindio wa ubongo umetumika kwa maana ya ulemavu wa akili. Lakini katika hospitali na katika vituo vya mazoezi ya viungo, neno hilohilo limechukuliwa kuwa jina la hali nyingine, ile aliyoieleza daktari William John Little wa London mwaka 1862: kudhoofika au kukakamaa kwa viungo kunakotokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya kwanza ya maisha. Miongoni mwa sababu zake ni mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano kali ya watoto wachanga, uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani.

Hali hizi mbili zaweza kumpata mtoto mmoja, lakini si lazima. Wapo watoto wengi ambao viungo vyao vimekakamaa na ulimi wao ni mzito, ilhali akili zao hazina dosari yoyote. Tuchukue mfano. Mtoto wa aina hii anapelekwa kliniki, na mganga anaandika katika barua ya rufaa: mtindio wa ubongo. Mganga amekusudia viungo. Barua inafika kwa mwalimu mkuu, naye anasoma: akili. Mtoto anaingizwa katika kitengo cha wenye ulemavu wa akili, anafundishwa kupanga rangi na kufunga vifungo mwaka baada ya mwaka, na yeye anaelewa kila neno linalosemwa juu yake chumbani. Hawezi kusema kwamba amewekwa pasipo pake, kwa kuwa kusema ndiko kunakomshinda. Hapa istilahi imefunga mlango, na aliyeufunga hakuwa na nia mbaya.

Basi, yafaa ulemavu wa akili ubaki jina la hali ya akili, na mtindio wa ubongo, ikiwa utaendelea kutumika hospitalini, uandikwe daima pamoja na maelezo: kwamba ni wa viungo, na kama akili imepimwa au haijapimwa. Maneno kumi ya ziada katika barua ni gharama ndogo.

Jina usonji limepata bahati njema zaidi. Hali yenyewe ilielezwa na daktari Leo Kanner huko Marekani mwaka 1943. Ni tofauti katika mawasiliano na katika kushirikiana na watu, mara nyingi pamoja na kurudiarudia matendo. Zamani mtoto asiyesema aliitwa bubu ingawa anasikia, na aliyepiga kelele sokoni aliitwa mtukutu ingawa alikuwa akiumizwa na makelele ya soko. Usonji lilikuja likiwa halina makovu ya matusi. Lakini tukumbuke taahira. Usonji litabaki safi kadiri mzazi anayeambiwa neno hilo atakavyoambiwa pia aende wapi kesho yake.

Marekebisho, utengamao, na msaada

Huduma yenyewe nayo imebadili majina. Vyuo vya serikali kama kile cha Yombo, Dar es Salaam, vilipewa jina la vyuo vya ufundi na marekebisho. Kurekebisha ni kunyosha kilichopotoka; twarekebisha saa, twarekebisha hesabu, na mhalifu naye hurekebishwa tabia. Neno utengamao, ambalo sasa limeenea katika shughuli za afya, limetokana na kutengamaa, yaani kutulia na kuwa katika hali njema. Tofauti yake ni kubwa. Aliyerekebishwa ametendewa jambo na mwingine. Aliyetengamaa ametulia mwenyewe, nyumbani mwake, pengine bado hatembei. Mtoto anayejifunza kukaa wima ili ale kwa mkono wake mwenyewe hajarekebishwa, bali ametengamaa, na mama yake naye pamoja naye.

Katika elimu tumekwenda kutoka shule maalumu, ambamo watoto hutengwa pamoja, hadi shule za mchanganyiko, ambazo jina lake linaonekana hata leo katika Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, na hatimaye hadi elimu jumuishi, neno lililopata nguvu kwa Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2009 hadi 2017. Mchanganyiko huweza kuwa wa mchele na mawe: vimo katika chungu kimoja, lakini kimoja hutupwa. Jumuishi linadai zaidi, kwamba somo lenyewe, dawati, choo na mtihani vibadilike ili kila mmoja apate sehemu yake. Mwalimu anayepewa neno jumuishi pamoja na wanafunzi 90 darasani, bila msaidizi, amepewa jina tu.

Sasa turudi kwa lile shirika la Mbeya. Jina lake la Kiingereza lina neno ambalo sisi hulifasiri msaada. Lakini kwetu msaada ni kile anachopewa mwenye shida na aliye na nafasi. Hutolewa leo, kesho husimama, na anayeupokea hushukuru. Tunapoita huduma za watoto hawa misaada, twamfanya afisa awe mfadhili na mzazi awe mwombaji. Sheria ya mwaka 2010 inasema juu ya haki za watu wenye ulemavu za afya, elimu na utengamao. Kwa hiyo twapendekeza huduma kwa kile kinachotolewa na taasisi, na haki kwa kile anachodai mzazi. Msaada ubaki kwa kile ambacho jirani humpa jirani. Vifaa, kama viti na magongo, vimekwisha kupata jina zuri la vifaa saidizi.

Aitweje anayeongoza?

Anayeongoza huduma hizi huandikwa katika barua kama mkurugenzi, mratibu au msimamizi. Ofisi haiwezi kwenda bila majina hayo. Lakini kila moja limetoka katika kazi nyingine na limekuja na mtazamo wake: mkurugenzi hutazama taasisi, mratibu hutazama ratiba na mikutano, msimamizi hutazama wafanyakazi. Wazazi wao humwita mwalimu au mama, hata kama hakusomea ualimu, na hata kama ana umri mdogo kuliko wao. Katika majina hayo mawili wametaja kazi mbili wanazoziona, kufundisha na kulea. Kiswahili kina jina linalozikusanya zote mbili, nalo ni mlezi. Mlezi huongoza, hufundisha, hulisha, na hujibu anapoulizwa mtoto yuko wapi.

Hatupendekezi vyeo vifutwe. Twapendekeza maelezo ya kazi ya viongozi hao yaandikwe yakianza na ulezi, ndipo yafuate mambo ya hesabu na taarifa. Kiongozi wa kituo anayepimwa kwa taarifa peke yake ataandika taarifa nzuri.

Hesabu na maulizo

Mwaka 2008 ulifanyika Utafiti wa Ulemavu nchini, nao ulionyesha kwamba asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuzidi walikuwa na ulemavu. Ulifuata njia ya kimataifa ya kumwuliza mtu kama anapata shida katika kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Njia hii ina hekima: mtu hatakiwi kukiri jina baya ndipo ahesabiwe, bali huulizwa juu ya shughuli. Watafsiri wa madodoso ya baadaye na waifuate. Lakini tazama pia umri ulioanzia hesabu. Watoto walio chini ya miaka 7, ambao ubongo wao ungali laini na mazoezi huwafaa kuliko wakati wowote mwingine, hawakuwamo katika kiwango hicho. Wakati huo ndio ambao vituo vya Mbeya na Iringa hujitahidi kuuwahi, na ndio ambao mama bado anaweza kumbeba mtoto mgongoni.

Hitimisho

Kwa watafsiri, basi, tunasema: neno moja lisibebeshwe hali mbili, hasa katika barua inayomwamulia mtoto mahali pa kukaa. Kwa walimu: msikubali jina la ulemavu liingie darasani bila maelezo ya nini mtoto anaweza. Kwa watumishi wa serikali: mnapoandika istilahi mpya katika waraka, ulizeni siku hiyohiyo ni mlango gani utakaofunguliwa kwa jina hilo, upo wilaya gani, na nani anaulinda.

Taahira lilianza likiwa na maana ya kukawia tu. Waliokawia zaidi tulikuwa sisi.